Kiwewe na Hukumu: Usawiri wa Rosa katika Rosa Mistika

Wahakiki wa Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, wamezoea kuisoma kama hoja kuhusu malezi: ukali wa Zakaria unamfanya bintiye, Rosa, ashindwe kuutumia uhuru anapoupata. Usomaji huu hauna kosa, ila una upungufu. Unaruka kutoka chanzo hadi tokeo bila kuchunguza yanayompata mhusika katikati.

Kipigo anachopewa Rosa kwa sababu ya barua ya Charles si adhabu tu. Ni tukio la kutisha, tena linatendwa na yule aliyepaswa kumlinda. Aliyepatwa na tukio kama hilo aghalabu hushtuka upesi, hukosa usingizi, hujilaumu, na huepuka chochote kinachomkumbusha yaliyompata. Wengi hupata nafuu baada ya wiki au miezi kadhaa, hasa wakiwa na mtu wa kuwasikiliza. Rosa hana mtu huyo. Regina, mamake, anaishi chini ya mkono uleule.

Kwa mtazamo huu, woga wa Rosa mbele ya wavulana ni dalili ya kidonda, ingawa kwa nje unafanana na adabu. Woga huo unapogeuka kinyume chake, jamii inauona upotovu. Katika hali zote mbili inahukumiwa tabia, lililotendwa haliulizwi.

Huenda ikadaiwa kwamba hoja hii inamgeuza Rosa kuwa mgonjwa na kumvua wajibu wa matendo yake. Sivyo. Rosa anachagua, na riwaya haifichi makosa yake. Linalodaiwa hapa ni kwamba anachagua akiwa amejeruhiwa. Madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza ugonjwa unaofuata kiwewe katika mwongozo wao mwaka 1980, miaka 9 baada ya riwaya hii. Kezilahabi alikwisha kuusawiri mwenendo wake bila istilahi hiyo.

Kinaya kikubwa kimo katika nafasi ya Charles. Barua yake ndiyo iliyoleta kipigo. Naye ndiye anayemkataa Rosa baadaye kwa kuwa si bikira. Rosa anajiua. Hukumu ya mchumba inakamilisha kazi iliyoanzwa na fimbo ya baba.

Kwa hivyo, mhakiki asiishie kuuliza Rosa alilelewaje. Aulize pia ni nani aliyemsikiliza.