Asili na Maana ya Neno "Shiba": Kutoka Kibanda cha Eastlands hadi "Tumbo Lisiloshiba"

Kitenzi "shiba" ni miongoni mwa maneno ambayo wahakiki wa fasihi ya Kiswahili huyapita upesi, kwa kuwa maana yake hudhaniwa kuwa wazi. Makala haya yanashikilia kwamba asili na tabia ya kisarufi ya neno hili ni ufunguo wa kuielewa hadithi fupi ya Said A. Mohamed, "Tumbo Lisiloshiba", iliyotoka mwaka 2016 katika diwani aliyoihariri pamoja na Alifa Chokocho. Matumizi ya neno katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, ndiyo yatakayoongoza usomaji huo.

Kwa asili, "shiba" limetoka katika mzizi wa Kiarabu. Kitenzi cha lugha hiyo ni shabiʿa na nomino yake ni shibaʿ. Kwa sauti, umbo la Kiswahili li karibu zaidi na nomino. La kuzingatia ni jinsi lilivyopokelewa. Vitenzi vingi vya mkopo, mathalani "fikiri", "sahau" na "kinai", havibadiliki mwishoni katika ukanushi wa wakati uliopo: husemwa "sisahau", "sikinai". "Shiba", kinyume chake, hukanushwa kama "lala" na "pika": "sishibi". Hunyambulika kuwa "shibisha" na "shibana", hata wasuhuba wa chanda na pete wakaitwa marafiki walioshibana. Mgeni amekuwa mwenyeji kabisa.

Kimaana, neno hili lina majirani watatu. "Tosheka" hupimwa kwa haja. "Kinai" hupimwa kwa nafsi. "Vimbiwa" ni shibe iliyogeuka maradhi. "Shiba" hupimwa kwa tumbo, na tumbo lina ukomo. Ndiyo maana methali "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa" haimlaumu mtu kwa kula, bali kwa kumsahau mwenzake.

Eastlands inaudhihirisha ukomo huo. Wakazi wa Kaloleni, Bahati au Jericho wana lugha zao za kwanza: Mkikuyu ana "hũũna", Mjaluo ana "yieng'". Wakikutana katika kibanda cha ugali na sukuma wiki, wote husema "nimeshiba". Kiambishi -me- huonyesha hali iliyokwisha kufikiwa: mlaji amefika, ainuke, nafasi yake kwenye benchi ipate mwingine. Sheng ina "manga" na "dishi" kwa kula, na "vimba" kwa kujigamba. Majivuno yamepewa uvimbe, si shibe.

Kwa kigezo hiki, anwani ya hadithi hupata uzito mpya. Anayesema "sijashiba" anakiri kwamba shibe itafika. "Lisiloshiba" halina njeo. Haliwezi kusomwa kuwa "ambalo bado halijashiba". Jitu linalokula chakula chote katika mkahawa wa Mzee Mago na kuahidi kurudi halina njaa ya kawaida. Limenyimwa na sarufi yenyewe uwezo wa kufika, yaani uwezo wa kuinuka benchini.

Pengine itadaiwa kwamba hii ni chuku tu, na kwamba Madongoporomoka ni mtaa wa kubuni. Ni kweli kwamba si Eastlands. Hata hivyo, msomaji wa Nairobi analo la kulinganisha: wapangaji wa Muthurwa, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, walikabiliwa na kufurushwa mwaka 2010, na shauri lao likaamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2013. Mahali kama hapo, chuku ya mwandishi inakaribia kuwa maelezo ya kawaida.

Kwa kumalizia, udhaifu wa tahakiki nyingi za hadithi hii ni kulisoma tumbo kama ishara ya ulafi pekee. Mlafi hushiba, japo kwa kuchelewa. Mwandishi ameichora nguvu isiyo na kipimo cha kujizuia. Ndiyo maana, katika ulimwengu wa hadithi, kuisubiri iridhike si mkakati. Wakazi wanaobaki macho kuilinda ardhi yao wamekwisha kuielewa sarufi hiyo.