Mpiga Mbiu wa Zama Zetu

Zamani mji ulikuwa na mpiga mbiu. Alipita mitaani na pembe yake, na kila aliyemsikia alijua ametumwa na nani. Baadaye gazeti likaishika pembe hiyo. Gazeti nalo lilikuwa na mwenyewe: mhariri alijulikana, na aliyekosewa aliujua mlango wa kubisha. Katika zama zetu mbiu imepita katika mikono mingine miwili, injini ya kutafuta na blogu. Yatupasa kuwapima wapiga mbiu hawa kama tupimavyo hadithi na mashairi, maana wasomaji wao ni wengi, na athari yao katika fikira za watu ni kubwa.

Tuanze na injini ya kutafuta. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, walitoa njia mpya ya kupanga kurasa za intaneti. Kila kiungo kilichotoka ukurasa mmoja kwenda mwingine walikihesabu kuwa ni ushahidi. Ukurasa wenye mashahidi wengi ulitangulia, na shahidi aliyeshuhudiwa na wengi alipewa uzito kuliko asiyejulikana. Google ilijengwa juu ya msingi huo, ingawa leo hutazama dalili nyingine nyingi pamoja nao. Manufaa yake hayakanushiki. Neno lililozama katika mamilioni ya kurasa huibuliwa kwa nukta chache, na mwanafunzi wa kijijini aliye na mtandao huweza kusoma yale asomayo profesa.

Walakini msingi huo una ila. Unafuata methali yetu isemayo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wingi wa wasemaji hufanywa kipimo cha ubora wa neno. Mwaka 2003 wenye blogu kadha wa kadha huko Marekani walipatana kuunganisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mtu aliyeshindwa vibaya na ukurasa wa wasifu wa Rais George W. Bush. Basi kila aliyeyatafuta maneno hayo katika Google aliletewa kwanza wasifu wa Rais. Hata Januari 2007 ndipo Google ilipotangaza kwamba imerekebisha hesabu zake. Wengi walicheka. Lakini hila iliyomfikia mwenye ikulu itashindwaje kumfikia mwenye duka dogo au mwalimu wa kijijini, ambaye hana msemaji wa kumtetea?

Blogu ni gazeti la mtu mmoja. Mwenyewe ndiye mwandishi, mhariri na mchapaji. Sifa yake kubwa ni uhuru. Hapa kwetu Kenya, serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja mwishoni mwa Desemba 2007, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi, mwanasheria Ory Okolloh aliendelea kuandika habari katika blogu yake. Mwanzoni mwa Januari 2008 alitoa wazo la kuchora ramani ya mahali palipotendeka maovu. Wenzake wenye ujuzi wa kompyuta wakalitimiza, na tovuti iitwayo Ushahidi ikazaliwa, ikipokea taarifa za raia kwa intaneti na kwa simu. Mwaka 2010 chombo hicho hicho kilitumiwa Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Uhuru huo, hata hivyo, ni mlango wa udanganyifu pia. Mwaka 2006 ilitokea Marekani blogu ya watu wawili waliosafiri kwa gari, wakilala katika viwanja vya maduka ya Wal-Mart na kusimulia furaha ya wafanyakazi. Msomaji alidhani anasoma habari za wasafiri tu. Oktoba mwaka huo ikafichuka kwamba safari ililipiwa na kikundi kilichoungwa mkono na Wal-Mart, kwa mkono wa Edelman, kampuni ya uhusiano wa umma. Mkuu wake, Richard Edelman, aliomba radhi katika blogu yake mwenyewe. Kusifu duka si kosa; matangazo yote husifu. Kosa lilikuwa katika nafsi ya msemaji: aliyelipwa alivaa kanzu ya msafiri, na msomaji akanyimwa haki ya kujua nani anasema naye.

Hapo ndipo kazi ya uhusiano wa umma ilipogeuka. Zamani afisa aliandika taarifa yake akaipeleka kwa mhariri, na mhariri aliweza kuitupa kapuni. Sasa anaandika kwa wasomaji wawili, mtu na injini. Huchagua maneno ambayo watu huyatafuta sana, akayapachika katika kichwa cha habari na kuyarudia ndani. Magazeti ya mtandaoni hufuata njia ile ile, na lugha hupungua utamu kwa kurudiarudia. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko hili hata kizuri kisipotembezwa hakionekani.

Hukumu yangu ni hii. Injini ya kutafuta ni mtumishi hodari wa kuleta, lakini hakuajiriwa kuhukumu. Blogu ni shahidi mwema ikiwa mwenyewe anajitaja na anataja anayemlipa. Kwa hiyo, msomaji kijana, ukiletewa ukurasa wa kwanza, uulize maswali matatu: Nani ameuandika? Nani amemlipa? Na je, yuko mwingine, asiyefungamana naye, aliyeliona jambo lile lile? Ukikosa jibu, shuka chini katika orodha, fungua ukurasa wa pili na wa tatu. Jina la mtu laweza kuvunjwa na kusoma kwako kwa haraka, na huenda siku moja jina hilo likawa lako.