Fundi Asiyeanza na Spana

Land Cruiser iliyonyanyuliwa ikianza kutikisa usukani kwenye lami, ushauri wa kwanza anaoupata dereva ni kununua shokapu mpya ya stelingi, ile iliyolala kwa ubavu kwenye ekseli ya mbele, ambayo kazi yake ni kumeza mtikisiko kabla haujafika mikononi. Ikifungwa, gari linatulia. Dereva anafurahi, tajiri anafurahi, gari linarudi mbugani. Baada ya muda mtikisiko unarudi, na safari hii ni mkali zaidi, kwa sababu kile kilichokuwa kikicheza kimeendelea kulika chini kwa chini huku shokapu ikikifichia siri. Mafundi ninaowastahi kuliko wote mjini Arusha ni wale ambao gari la namna hiyo likiingia gereji, wanaifungua shokapu ya stelingi na kuiweka kando kabla ya kubadilisha chochote. Wanataka ugonjwa utoke hadharani.

Magari yenyewe tunayajua. Toyota ilitoa Land Cruiser ya mfululizo wa 70 mwaka 1984, na mpaka leo ndiyo inayobeba utalii wa kaskazini mwa Tanzania. Linaletwa gari la kazi, chesisi inakatwa na kurefushwa, bodi inaongezwa, paa linafanywa la kufunguka, ndani kunafungwa viti vya wageni, friji, tangi la ziada, redio na matairi mawili ya akiba. Uzito huo wote unakaa juu ya springi ambazo hazikutengenezwa kwa ajili yake. Ndipo zinapofungwa springi ngumu na ndefu zaidi, na gari linapanda juu sentimita tano au zaidi. Hakuna urembo hapo. Masika yakikolea, udongo mweusi wa Ndutu unaweza kulimeza gari mpaka kwenye difu, na kipande cha kutoka nyanda za Ngorongoro kushuka Naabi hadi Seronera kina rasta zinazolegeza kila nati isiyokazwa sawasawa.

Tangu 1999 magari marefu ya mfululizo huu yana springi za koili mbele badala ya zile za bapa. Ekseli ni chuma kimoja kizima kutoka gurudumu hadi gurudumu. Mikono miwili minene inayotokea kwenye chesisi kwa nyuma huizuia isiende mbele wala nyuma, na fimbo moja ya kukingama, panhadi, huizuia isiende kushoto wala kulia. Kila kiungo kina bushi ya mpira. Kwa maneno mengine, gari la tani tatu na watu wake linaongozwa kwa vipande vichache sana, na kimoja kikilegea vingine vyote vinaanza kulipa deni lake. Kwa hiyo mwenye kutafuta kosa hawezi kukiamini kipande kinachopiga kelele. Anayepiga kelele mara nyingi ndiye anayeumizwa.

Fundi wa aina ninayoisema huanza kwa maswali, akiwa amefuta mikono na kusimama karibu na mlango wa dereva. Anauliza kama mganga wa zamani aliyejua kusikiliza.

"Inaanzia mwendo gani, kijana wangu?"

"Sabini hivi, mzee. Sabini na tano."

"Inaanza yenyewe, au mpaka upige shimo?"

"Mpaka nipige kitu. Pale kwenye viungio vya daraja, basi, usukani unataka kunitoka mikononi. Nikipunguza hadi arobaini inaacha."

"Na ukikanyaga breki?"

"Hamna tofauti."

Majibu hayo matatu yameshafunga milango kadhaa. Gari linalotikisika kwa breki tu lina tatizo la diski. Linalotetema polepole kadiri mwendo unavyopanda, bila kungoja shimo, huenda lina tairi lisilo na balansi au rimu iliyopinda, na hilo hujulikana kwa kuhamisha matairi ya mbele kuyapeleka nyuma, kazi isiyo na gharama. Linaloyumba, linalotaka kusahihishwa kila mara na usukani wake haurudi wenyewe baada ya kona, lina ugonjwa mwingine kabisa, nitaufikia. Lakini linalongoja mshtuko mmoja kisha likaanza kutikisa ekseli nzima kushoto kulia, hilo lina kitu kinachocheza. Sasa ni kukitafuta.

Hapa ndipo wengi hukosea kwa kupiga jeki mapema. Gari likining'inia, bushi ya panhadi haina mzigo, na bushi iliyokufa bila mzigo huweza kuonekana nzima. Fundi huliacha gari chini, matairi yakiwa yamekanyaga sakafu, injini inaunguruma ili stelingi iwe na nguvu zake. Anamweka kijana anayejifunza kwake kwenye usukani na kumwambia auzungushe kidogo tu kushoto na kulia, bila kuacha. Yeye analala chali chini ya bampa. Anaweka kidole gumba upande mmoja wa kiungo na kidole cha shahada upande wa pili, nusu kwenye fimbo, nusu kwenye kibao cha chesisi, halafu anatulia. Jicho linadanganywa na vumbi na kivuli, lakini kidole kinahisi nusu milimita. Anatoka kiungo hadi kiungo: stelingi boksi na bolti zake, mkono wake, fimbo ndefu ya stelingi, tairodi kulia, tairodi kushoto, panhadi juu, panhadi chini. Nimemwona mzee mmoja akirudia mzunguko huo mzima kwa mara ya pili, baada ya kukipata kiungo kibovu mara ya kwanza. Alitaka kujua kama kina wenzake. Subira ya namna hiyo haifundishwi kwa maneno. Kijana aliye kwenye usukani anaipata kwa kuchoka mikono.

Kwenye panhadi anatazama pia rangi. Bolti inayocheza ndani ya tundu lake huacha unga mwekundu wa kutu pembeni mwa washa, na ikicheza muda mrefu tundu lenyewe huacha kuwa duara. Hapo bushi mpya haitasaidia kitu. Chuma lazima kijazwe na kutobolewa upya, au kibao kibadilishwe. Vilevile anasugua tope kando ya stelingi boksi, akitafuta ufa kwenye chesisi, kwa kuwa tairi pana na springi ngumu huivuta sehemu hiyo kuliko nyingine zote.

Ni baada ya hayo tu ndipo jeki inaingia na gari kuwekwa kwenye stendi. Anashika tairi juu na chini, analisukuma na kulivuta. Likicheza, watuhumiwa ni wawili: beringi za gurudumu au beringi za kingpini, zile mbili ambazo kichwa cha ekseli huzungukia gari linapokata kona. Kuzitenganisha kuna hila nyepesi ambayo naipenda mno. Anamwambia kijana akanyage breki na kushikilia, kisha analitikisa tairi tena. Breki hufunga gurudumu na kichwa cha ekseli kuwa kitu kimoja. Mchezo ukipotea, ulikuwa wa beringi za gurudumu. Atafungua fri-wili na kwenda kukaza nati kubwa ya milimita 54, kwa kipimo chake. Mchezo ukibaki, ni kingpini.

Na kingpini ina hadithi ndefu kuliko beringi yenyewe. Kwenye ncha za ekseli ya mbele kuna ule mpira mkubwa wa chuma unaong'aa, na ndani yake umejaa grisi. Fundi huufuta kwa kitambaa na kukinusa. Grisi nyeusi nzito iliyopakaa kidogo ni hali ya kawaida. Mchuzi mwembamba unaotiririka hadi kwenye rimu, wenye harufu kali ya oili ya difu, maana yake sili ya ndani ya ekseli imekufa, oili ya difu imeingia na kuiyeyusha grisi, na beringi za kingpini zimekuwa zikioshwa mahali pa kulainishwa. Kwa hiyo mtikisiko wa usukani uliomleta dereva ulianzia kwenye mpira mdogo wa sili ambao hakuna aliyeufikiria. Anayebadilisha beringi peke yake atawaona wateja walewale tena. Huyu hufungua upande mzima, huosha kila kitu kwa dizeli mpaka chuma kionekane, hufunga sili mpya, kisha hukaa na vibati vyembamba vya kupangia beringi, akiongeza kimoja na kutoa kingine, na kupima kwa mizani ya springi nguvu inayohitajika kukianza kichwa kuzunguka. Kizito mno, usukani utakuwa mgumu na hautarudi. Chepesi mno, mtikisiko utakuwepo palepale. Siku nzima inaweza kuishia hapo, na sioni kwamba imepotea.

Ule ugonjwa mwingine, wa kuyumba, unatokana na kunyanyuliwa kwenyewe. Ile mikono miwili imeshikwa kwenye chesisi kwa nyuma; chesisi ikipanda, mikono inainama mbele na kuizungusha ekseli kidogo. Kingpini, ambayo kiwandani iliegemezwa nyuma kwa digrii chache ili magurudumu yapende kunyooka yenyewe, inasimama wima. Sentimita tano za kupanda huweza kula kama digrii mbili za mwegemeo huo, yaani kasta. Dawa inauzwa madukani: bushi ambazo tundu lake haliko katikati, au mikono iliyopindwa upya. Lakini fundi mzuri haifungi kabla hajapima, kwa sababu ukiirudisha ekseli nyuma ili kuponya kasta, pua ya difu inashuka nayo, propela inapata pembe kali zaidi, na krosi zake zinaanza kulia. Kuna magari yaliyoponywa kuyumba yakapewa mtetemo. Yeye hutafuta mahali pa kati, na humwambia tajiri wazi kwamba gari likipanda zaidi ya hapo, pa kati hapatakuwepo. Isitoshe, kuongeza kasta kwenye gari ambalo bado lina kiungo kinachocheza huweza kuuzidisha mtikisiko. Mpangilio wa kazi ni sehemu ya ufundi wenyewe.

Kuna jambo moja dogo ambalo kwangu ndilo humtambulisha fundi. Akishafunga bushi mpya, bolti zake huzipeleka kwa mkono tu, anazileta zikaribie, anaacha. Anashusha gari, analisukuma mbele na nyuma, analibonyeza ili likae kwenye springi zake, na kama ni la utalii huomba tangi lijazwe na mizigo ya kawaida iwekwe. Kisha analala tena chini na kuzikaza kwa mwisho. Bushi ya mpira imegandamana na chuma ndani na nje. Ikikazwa gari likiwa linaning'inia, inabaki imejipinda siku zote gari linapokuwa chini, na inachanika mapema. Kukaza juu ya stendi ni rahisi, mikono inafika, mgongo hauumi. Kukaza chini ni taabu. Mteja hataona tofauti siku hiyo, na hakuna atakayempa fundi sifa kwa bushi ambayo haikufa.

Shokapu za kawaida hupimwa njiani. Baada ya mwendo mrefu kwenye rasta, anaisogelea kila moja kwa mgongo wa mkono: zilizofanya kazi zimechemka, iliyo baridi kati ya zilizochemka imekufa. Urefu wa springi hupimwa kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, upande kwa upande, maana kipimo cha kutoka ardhini hudanganywa na upepo wa tairi.

Mwelekeo wa magurudumu ya mbele wengi wao huupima kwa chaki na msumari. Tairi likiwa juu linapakwa chaki katikati ya kashata, linazungushwa huku ncha ya msumari ikiwa imetulia, na mstari mwembamba ulionyooka unachorwa. Gari linashushwa na kusukumwa kidogo lipate kukaa. Futi inapita nyuma ya magurudumu, mstari hadi mstari, halafu mbele, kwa kimo kilekile. Tofauti ya milimita moja au mbili inarekebishwa kwenye tairodi. Kabla ya hapo fundi alikuwa ameshapitisha kiganja juu ya kashata za tairi la zamani, kuingia na kutoka; kingo zilizokuwa laini upande mmoja na kali upande mwingine zilimwambia kipimo kilikuwa nje, na futi imemthibitishia.

Shokapu ya stelingi bado iko pembeni, juu ya boksi la spana. Gari linatolewa hivyohivyo, bila hiyo, fundi akiwa kiti cha kushoto na dereva akishika usukani, mpaka barabara ya Makuyuni ambako kuna lami ndefu na viungio vya madaraja. Dereva anaombwa afike sabini na tano na kupita juu ya kiungio bila kupunguza. Usukani ukistuka mara moja na kunyooka, wanarudi, na ileile shokapu ya zamani inafungwa mahali pake, kama haivuji. Kisha dereva anaambiwa arudi baada ya safari ya kwanza ya Serengeti, kabla ya kwenda ya pili, ili bolti zote za mbele zipitiwe tena kwa spana.