Vikombe Tisa na Mipira Miwili

Vijana wa Kibaha wanaokaa jioni pembeni mwa uwanja wa kikapu wana ubishi mmoja usiokwisha: kocha bora wa klabu za Ulaya ni nani? Jibu lao ni la hesabu. Željko Obradović ana vikombe tisa vya ubingwa wa Ulaya, alivyovitwaa na klabu tano. Božidar Maljković na Ettore Messina wana vinne vinne. Basi, ubishi umekwisha.

Hesabu ni sahihi, ila haitufundishi kitu. Vitano kati ya vile tisa alivipata Panathinaikos ya Ugiriki, klabu iliyokuwa na fedha nyingi. Sivibezi. Lakini, ndugu msomaji, tazama kile cha 1992. Obradović alikuwa na miaka 32, ndiyo kwanza ameacha kucheza, na kwa sababu ya vita vya Yugoslavia Partizan yake ya Belgrade ilicheza karibu mechi zote za nyumbani huko Fuenlabrada, Hispania! Mshauri wake alikuwa mzee Aleksandar Nikolić, aliyekwisha kutwaa ubingwa huo mara tatu na Varese ya Italia. Katika fainali waliifunga Joventut ya Badalona 71 kwa 70. Mwaka 1994 akaipa ubingwa Joventut ile ile.

Maljković naye, mwaka 1993, aliipa ubingwa Limoges ya Ufaransa kwa kucheza taratibu na kukaba. Waliifunga Benetton Treviso 59 kwa 55, timu ya Toni Kukoč, ambaye Maljković mwenyewe alikuwa amemfundisha huko Split. Wapo waliolalamika kwamba ule si mchezo. Kwangu mimi, alipika kwa viungo alivyokuwa navyo.

Nayasema haya kwa sababu ya Kisarawe, nchi ya Wazaramo (Pazi, jina la klabu ya kikapu ya Dar es Salaam, ni cheo cha watawala wao). Kulikuwa na mwalimu huko, jina nalihifadhi, akifundisha watoto thelathini kwa mipira miwili, mmoja umevimba ubavuni. Alianza na miguu: kusimama, kugeuka, kurudi nyuma. Kutupa kulikuja baadaye sana. Shule ikamwondoa, kwa kuwa misimu miwili hakuleta kikombe cha UMISSETA. Aliyemrithi alichagua warefu saba, wengine akawaambia waende zao. Kikombe cha wilaya kikaja kweli, picha zikapigwa. Wale saba walipomaliza kidato cha nne, shule haikuwa na timu.