Sikio la Fundi na Feni ya Bodi Kuu

Miongoni mwa sehemu zote za kompyuta ya mezani, pengine hakuna inayodharauliwa kuliko feni ndogo ya bodi kuu, yaani ile yenye upana wa milimita 40 hivi, inayofungwa juu ya chipu inayosimamia mawasiliano kati ya prosesa na vifaa vingine, ili ipulize joto linalopandishwa na mapezi ya alumini yaliyo chini yake. Feni za aina hii zilienea katika bodi za mwaka 2004 na 2005, enzi za chipu ya nForce4, zikapungua chipu zilipokuwa na joto dogo zaidi, kisha zikarejea mwaka 2019 pamoja na chipu ya X570 ya kampuni ya AMD. Kidude hiki kinapoanza kukoroma, wengi hufikiria kununua mashine nyingine, ilhali anayeijua kazi huanza kwa kunyamaza na kusikiliza.

Busitema, iliyoko wilayani Busia mashariki mwa Uganda, ni mahali panapostahili kutajwa katika jambo hili. Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, kilirithi majengo na mapokeo ya chuo cha taifa cha zana za kilimo, na leo kinafundisha uhandisi wa kompyuta pale pale ambapo hapo awali yalifundishwa matrekta na majembe ya kukokotwa. Urithi huo una maana kubwa kuliko unavyoonekana, kwa kuwa ekseli ya pampu ya maji na ekseli ya feni ya kompyuta zote mbili hutii sheria moja ya msuguano na mafuta, na aliyewahi kuizuia bushi, yaani bomba ambamo ekseli huzunguka, ya mashine ya shambani isilike hahitaji kufundishwa upya kwa nini feni hupiga kelele. Mazingira nayo hayana huruma: vumbi jekundu la barabara za murramu huingia katika kila kasha, umeme hukatika na kurudi, na kwa kuwa nchi hii ya kati ya Busia na Tororo imeinuka zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa yake ni pungufu kwa takribani sehemu moja ya kumi, hivyo kila mzunguko wa feni hubeba joto kidogo kuliko ambavyo ungebeba Mombasa.

Usikilizaji huo wa fundi una kanuni zake. Kelele inayokuwa kali asubuhi mashine ikiwa baridi, kisha ikafifia baada ya dakika chache, humwonyesha fundi bushi iliyokauka. Inayopanda kadiri kazi inavyozidi hutokana na kasi kuongezwa na bodi yenyewe, na huenda chanzo chake ni vumbi lililoziba mapezi. Inayobadilika kasha linapobonyezwa kwa kiganja ni mtetemo wa skrubu iliyolegea. Na mgongano mkavu wa haraka haraka mara nyingi ni waya uliosogelea mapanga. Ili asiichanganye feni hii na ya prosesa au ya kisanduku cha umeme, fundi huviringisha karatasi ikawa mrija, akaweka ncha moja sikioni na nyingine karibu na feni anayoishuku. Feni yenye mapanga 7 ikizunguka mara 5,400 kwa dakika hutoa mlio wa hezi 630, ambao sikio la binadamu huukamata kwa urahisi mno, na ndiyo sababu feni ndogo huchosha kuliko kubwa. Kasi ikipunguzwa nusu, upepo nao hupungua nusu, lakini kelele hushuka kwa desibeli 15 hivi. Faida hiyo inavutia, ingawa katika hewa pungufu ya Busitema haifai kuchukuliwa kabla ya kupima joto la chipu.

Bushi ni bomba dogo la shaba lenye vitundu vilivyonyonya mafuta, ambamo ekseli huzunguka. Katika kasha la kusimama ekseli hulala, na uzito wa mapanga huegemea upande mmoja miaka nenda rudi, mpaka tundu lililokuwa mviringo likawa kama yai. Kabla ya kufikia hatua hiyo, tiba ni nyepesi: umeme huchomolewa, mapanga hushikwa kwa kidole wakati wa kupuliza vumbi ili injini isigeuke jenereta wala bushi isiumie kwa kasi isiyo yake, kibandiko cha nyuma hubanduliwa, kizibo cha mpira hutolewa kama kipo, kisha tone moja au mawili ya mafuta mepesi ya cherehani hudondoshwa. Mafuta ya kula hayafai hata kidogo, kwani baada ya muda hugeuka ulimbo. Nayo beringi ya gololi ikishakwaruzika, tone la mafuta huinyamazisha kwa siku chache tu, na kumwambia mteja vinginevyo ni kumdanganya.

Uingizaji wa feni mpya nao unahitaji akili. Waya wa tatu hupeleka kwenye bodi mapigo mawili kwa kila mzunguko, na anayefunga feni ya waya mbili huifanya bodi iamini kwamba hakuna kinachozunguka, ikapiga king'ora au ikakataa kuwaka. Kwa chumba kilicho kando ya barabara ya vumbi, lililo bora ni kuiondoa feni kabisa na kufunga mapezi marefu yasiyo na kitu cha kulika, mradi kasha lina upepo wa kutosha. Lakini katika bodi nyingi kadi ya picha hupita juu kabisa ya chipu hiyo, urefu huo haupatikani, na hapo fundi hurudi kwenye feni, akichagua ya gololi badala ya bushi.