Gharama ya Mkono Mtupu: Uhakiki wa Urari wa Mtawa katika Mchezo wa Dungeons & Dragons

Suala la urari wa wahusika katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika limejadiliwa mno kwa lugha ya hesabu na kidogo sana kwa lugha ya uhakiki. Neno lenyewe si geni kwa mhakiki wa Kiswahili, aliyelizoea katika urari wa vina na mizani. Katika ushairi, urari ni ulinganifu unaosikika sikioni. Katika mchezo wa mezani ni ulinganifu wa nafasi: kila aliyeketi mezani apate wakati ambapo tendo la mhusika wake linageuza mkondo wa hadithi. Makala haya yanalichunguza suala hilo kupitia mhusika mmoja wa Dungeons & Dragons, yaani mtawa, anayepigana bila deraya na, akipenda, bila silaha. Hoja inayotetewa ni kwamba udhaifu ambao mtawa amelaumiwa nao kwa miongo kadhaa haukutokana na uchache wa uwezo aliopewa, bali na jinsi uwezo huo ulivyotozwa bei. Mara nyingi amelipishwa mara mbili kwa kitu kimoja.

Tofauti kati ya mchezo na utendi inafaa kubainishwa mapema. Katika masimulizi ya Fumo Liyongo, shujaa mmoja anaruhusiwa kuwapita wote, na udhaifu wake umefichwa mahali pamoja tu, kitovuni. Msimulizi hana deni kwa wahusika wengine. Mchezo wa mezani una mashujaa wanne au watano kwa pamoja, na nyuma ya kila mmoja yupo mtu hai aliyetoa jioni yake nzima. Hapo shujaa anayewafunika wenzake, au anayefunikwa nao, ni kasoro ya kanuni.

Mchezo huo, ulioasisiwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ulichapishwa nchini Marekani mwaka 1974. Mtawa aliingizwa mwaka uliofuata katika kitabu cha nyongeza kiitwacho Blackmoor. Ulikuwa wakati wa wimbi la filamu za kung-fu, na mfululizo wa televisheni wenye jina hilohilo ulikuwa umeanza kurushwa tangu 1972. Mpiganaji, kasisi na mchawi wa mchezo huo walichotwa zaidi katika Ulaya ya kati ya visasili na mapanga. Mtawa alichukua jina la Ulaya lakini mwili wake ulikuwa wa Shaolin, tena Shaolin ya kwenye skrini. Ugeni huo si jambo la pembeni, kwani ndio uliowafanya wabunifu wamwekee masharti ambayo hawakumwekea mwenyeji yeyote.

Masharti hayo yanaonekana wazi katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978. Mtawa alihitaji alama zisizopungua 15 katika nguvu, wepesi na hekima, pamoja na 11 katika siha. Mchezaji aliyerusha madadu matatu ya pande 6 kwa kila sifa, bila kuzipanga upya, alikuwa na uwezekano wa takribani mara 4 katika 10,000 wa kutimiza masharti hayo. Taratibu nyingine za kurusha zilikuwa na huruma zaidi, lakini mlango ulibaki mwembamba. Aliyeupita alikabidhiwa dadu la uhai la pande 4, sawa na mchawi, ilhali mchawi husimama nyuma na mtawa hutakiwa awe mbele. Ajabu zaidi, wepesi uliodaiwa mlangoni haukumwongezea kinga, wala nguvu zilizodaiwa hazikumwongezea uzito wa pigo. Kuanzia daraja la 8 nafasi zilihesabiwa, na aliyetaka kupanda alipaswa kumshinda mwenye nafasi katika pambano la ana kwa ana. Fidia ilikuwa mbali: katika daraja la 17 mkono wake mtupu ulipiga kwa madadu 8 ya pande 4.

Urari wa namna hii ni urari wa ahadi. Unachukulia kwamba mateso ya madaraja ya chini yatalipwa katika madaraja ya juu. Kundi linalovunjika kabla ya hapo, na makundi mengi huvunjika, linaondoka na deni lisilolipwa. Mwaka 1985 mtawa alihamishiwa katika kitabu cha Oriental Adventures, na toleo la pili la mwaka 1989 likamwacha nje kabisa ya kitabu cha msingi cha wachezaji.

Alirudi mwaka 2000 katika toleo la tatu, akiwa na dadu la uhai la pande 8 na orodha ndefu ya vipawa. Kwa msomaji wa haraka, orodha hiyo, hasa katika marekebisho ya mwaka 2003, inamfanya aonekane tajiri kuliko wenzake. Utajiri huo ni wa karatasini. Mapigo yake ya mfululizo yalihitaji zamu nzima ya kushambulia, na anayetumia zamu hivyo hakuruhusiwa kusogea zaidi ya futi 5. Wakati huohuo kanuni zilimpa kasi iliyokua hadi, katika daraja la 18, mara tatu ya kasi ya binadamu wa kawaida. Alipewa miguu ya swala na ngumi za mvua, kisha akakatazwa kuvitumia pamoja. Akikimbia, anapiga mara moja. Akipiga mara nyingi, kasi yake ni pambo. Wahakiki waliojikita katika wastani wa madhara kwa raundi wamekuwa wakipendekeza ongezo hapa na pale, ilhali tatizo lilikuwa la kisarufi zaidi kuliko la kihesabu: vitenzi viwili vikuu vya mhusika havikuweza kukaa katika sentensi moja.

Toleo la nne ndilo lililoliona hilo. Mtawa wake, aliyechapishwa mwaka 2010, alipewa mbinu ambazo kila moja ilibeba shambulio na mwendo kwa pamoja. Toleo hilo limesemwa vibaya sana na wapenzi wa mchezo, na baadhi ya lawama zina msingi. Lakini kuhusu mtawa ndilo lenye usomaji makini kuliko yote yaliyolitangulia.

Toleo la tano la mwaka 2014 lilirudisha uhuru wa kusogea katikati ya mashambulio, likaleta pia akiba ya pointi za ki zinazolingana na daraja. Hesabu rahisi inaonyesha lilipofika. Chukua mtawa wa daraja la 5 mwenye nyongeza ya wepesi ya 4, fimbo ya mikono miwili na mapigo mawili ya ziada yaliyonunuliwa kwa pointi moja. Dhidi ya adui mwenye kinga ya 15, akipata kwa asilimia 65, wastani wake ni 20.8, bila kuhesabu mapigo ya bahati. Mpiganaji wa daraja hilo mwenye upanga mkubwa ana 14.3. Katika daraja la 11, dhidi ya kinga ya 17 na kwa uwezekano uleule, mtawa ana 24.7. Mpiganaji aliyejifunza kipawa cha kubadili usahihi kwa uzito wa pigo ana 26.4, tena bila kutumia akiba yoyote. Kwa madaraja sita mtawa ameongeza 3.9 na mwenzake 12.1. Malipo ya mara mbili yako hapa: pointi inayonunua mapigo ndiyo hiyohiyo inayonunua kukwepa na kupumbaza adui, na mtawa aliye mbele bila deraya anahitaji vyote vitatu.

Marekebisho ya mwaka 2024 yaliikabili hali hiyo moja kwa moja. Dadu la mkono mtupu lilikuzwa, mapigo ya ziada yakawa matatu kuanzia daraja la 10, na kujinasua kukaweza kufanyika bila gharama ya pointi. Kwa masharti yaleyale ya daraja la 11, wastani wa mtawa unafika 34.1. Neno ki nalo liliondolewa, pointi zikaitwa za umakini. Mabadiliko ya jina yanastahili kupongezwa kwa kiasi tu, kwa kuwa mwili wa skrini ya miaka ya 1970 bado upo chini ya msamiati mpya.

Kilicho kizito zaidi ni kilichofanyiwa pigo la kupumbaza. Katika toleo la 2014 mtawa aliweza kulirudia kwa kila pigo lililompata adui mpaka akiba iishe, na adui mkuu aliyeandaliwa kwa wiki kadhaa angeweza kusimama kama gogo huku wenzake mtawa wakimmaliza. Aliyeshindwa kupumbaza, kwa upande mwingine, alikuwa ameteketeza akiba yake bila kupata chochote. Sasa linajaribiwa mara moja kwa zamu, na adui anayelistahimili hupunguziwa kasi kwa nusu, kisha shambulio linalofuata dhidi yake hupewa upendeleo. Shambulio hilo linaweza kuwa la mwenzake. Kwa mara ya kwanza, kushindwa kwa mtawa kumeandikwa katika kanuni kama zawadi kwa mchezaji aliyeketi kando yake.