Kazi ya Jioni Nyuma ya Picha ya Asubuhi

Tangu filamu ya The Lion King itoke mwaka 1994, waongoza watalii wa Serengeti wamelizoea swali moja: Timon yuko wapi? Hayupo, na hajawahi kuwepo. Timon ni mirkati, jamii ya nguchiro, na makao ya mirkati ni nchi kavu za kusini: Afrika Kusini, Botswana, Namibia na pembe ya Angola. Waliomweka kwenye mbuga iliyochorwa kwa sura ya Afrika Mashariki walitaka kuchekesha, na walifaulu.

Mimi swali langu ni jingine. Inakuwaje mgeni aliyelala hotelini aketi alfajiri hatua chache tu kutoka kwenye shimo la mnyama wa porini, mnyama atoke, aote jua, amwangalie, halafu aendelee na shughuli zake? Pana ufundi pale, na hapa Nyamagana, Mwanza, tuna mahali pa kuutumia, ingawa mirkati hatuna.

Ufundi huo umekomaa zaidi Kalahari. Mwaka 1993 Tim Clutton-Brock wa Chuo Kikuu cha Cambridge alianzisha mradi wa kuwachunguza mirkati kando ya mto Kuruman, Afrika Kusini, na mradi huo ungali unaendelea. Kazi ya kwanza ilikuwa kuwazoesha mirkati kwa watu. Mtu anakaa mbali, mahali anapoonekana bila kuwatimua, na kesho anarudi vilevile. Siku zinavyopita anasogea kidogo kidogo, akitoa sauti ileile kila akaribiapo ili wajue ni yeye. Hafanyi jambo la ghafla wala hawakati njia wanapokwenda kutafuta chakula. Ni kazi ya miezi. Ikiiva, mirkati anapanda mwenyewe kwenye mizani kwa kushawishiwa na chembe za yai la kuchemsha, anapimwa asubuhi kabla ya kwenda malishoni na tena jioni, na watafiti wanajua alichuma kiasi gani siku hiyo. Mnyama huyo hajafugwa. Anajitafutia nge na mabuu mwenyewe, na tai akipita anakimbia kama wenzake. Kilichobadilika ni kwamba binadamu ameondolewa kwenye orodha ya vitu vya kukimbiwa.

Ziara ya kitalii inadai jambo la pili, ambalo mgeni halioni kabisa. Kundi la mirkati lina mashimo mengi kwenye eneo lake. Leo linalala hapa, keshokutwa kule. Mwongozaji asiyejua walipolala atawapeleka wageni kwenye shimo tupu, wakae na baridi yao mpaka jua lipande. Kwa hiyo jioni iliyotangulia anawafuata nyuma taratibu mpaka wa mwisho aingie ndani, ndipo anakwenda kulala. Mgeni analipia saa moja ya asubuhi, lakini kazi kubwa imefanyika jana yake, wakati yeye yuko mezani anakula.

Kisha kuna suala la pa kukaa, ambalo wapiga picha wengi hulikosea. Mirkati akitoka husimama wima akilielekea jua, kwa sababu tumbo lake lina manyoya machache juu ya ngozi nyeusi, na hapo ndipo anapopokea joto. Ukikaa mashariki kabisa mwa shimo unapata mwanga safi, lakini kivuli cha alfajiri ni kirefu, na unaweza kumfunika mnyama aliyetoka kulifuata jua. Ukikaa magharibi unaona migongo. Pazuri ni mshazari: jua begani, kivuli pembeni mwa shimo. Na ukishakaa umekaa. Mtu anayesimama kuhamisha kiti anawarudisha wote ndani.

Zamu yao ya ulinzi nayo inafaa kueleweka, maana ndiyo inayompa mgeni ile picha maarufu. Mmoja anapanda mahali palipoinuka huku wengine wakichimba, naye anatoa mlio mdogo usiokatika, wenzake wajue zamu ina mtu. Watu walipenda kuamini kwamba huyo anajitolea mhanga. Utafiti wa Clutton-Brock na wenzake uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha sura nyingine: anayeshika zamu mara nyingi ni aliyekwisha kushiba, na hatari ikija huwa wa kwanza kuiona na kukimbia. Kwenye tambarare za Makgadikgadi, Botswana, ambako hakuna pa kupanda, mirkati waliozoeshwa huparamia hata kichwa cha mtalii aliyeketi. Wageni hudhani wamependwa. Kumbe kilichotakiwa ni kimo tu.

Kwetu Afrika Mashariki kazi kama hiyo imefanywa kwa ndugu zao. Mweya, ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda, nguchiro miraba wamefuatiliwa kwa ukaribu tangu miaka ya 1990. Taru, Kenya, mtafiti Anne Rasa aliwatazama kitafe, nguchiro wadogo kuliko wote, akaona jambo ambalo mwongozaji yeyote angelitamani: hondohondo hutua asubuhi kwenye kichuguu walimolala kitafe na kusubiri watoke, kisha wanakwenda malishoni pamoja. Ndege anaokota panzi wanaotimuliwa, kitafe wanafaidi macho ya ndege. Ukiwaona hondohondo wamekaa kichuguuni alfajiri bila sababu, sababu iko chini yao.

Sasa turudi Nyamagana, kwenye kisiwa cha Saanane. Kisiwa kiko ng'ambo ya Capri Point, mwendo mfupi wa boti, na kinaitwa kwa jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa na makazi hapo. Mwaka 1964 kilifanywa bustani ya wanyama, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa, yenye kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji. Wengi wanaovuka wanakwenda kupiga picha juu ya mawe na kula nyama choma. Mnyama bora wa kutazamwa kisiwani wanampita njiani. Ni pimbi.

Pimbi si nguchiro. Ukoo wake wa karibu ni tembo, na anakula majani. Lakini kwa mtazamaji tabia zake zinafanana sana na za mirkati. Anaishi kwa kundi, ana mlinzi juu ya jiwe, na anaanza siku kwa kuota jua, kwa kuwa mwili wake haujui kutunza joto sawasawa. Usiku wanalala wamebanana kwenye nyufa. Tena anamrahisishia mwongozaji kazi, maana jiwe halihami. Tafuta michirizi myeupe kwenye uso wa mwamba: ni chumvi ya mkojo wao, wanaomwaga mahali palepale miaka nenda rudi. Palipo na michirizi na kinyesi kibichi kando yake, ndipo wanapolala.

Kinachobaki ni saa. Mwanza, sehemu kubwa ya mwaka, jua huchomoza baada ya saa kumi na mbili na nusu, na pimbi hutoka mwanga ukishagusa mwamba wao. Wakishapata moto wanashuka kula kwa muda mfupi, kisha wanarudi kulala kivulini sehemu kubwa ya siku. Atakayevuka saa tano ataona pua moja kwenye ufa. Atakayefika na jua, akakaa kimya mita kumi na tano hivi, ataona pimbi akigeuza kichwa upande ili akate majani kwa magego, kwa sababu meno yake mawili ya mbele juu ni kama pembe ndogo na hayamfai kwa kukata. Ataona wakila wametazama nje ya duara. Na jirani yao, mjusi dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, atakuwa juu ya mwamba huohuo akiota jua lilelile.

Biskuti zibaki kwenye mfuko. Gombe walipita njia hiyo ya kulisha wanyama: ndizi zilizowavuta sokwe karibu na kambi ya Jane Goodall miaka ya 1960 zilileta pia ugomvi mwingi, ikabidi zipunguzwe. Magonjwa nayo hayataki mzaha. Mwaka 2002 watafiti waliripoti kifua kikuu cha binadamu kwa nguchiro miraba wa Botswana na mirkati wa Afrika Kusini. Mahale, mgeni anavaa barakoa mbele ya sokwe. Anayekohoa asisogee karibu na pimbi pia.

Kwa hiyo ningekuwa napanga ziara ya Saanane, mhifadhi angezunguka miamba saa kumi na moja jioni na kuchagua mmoja tu, wageni wasingezidi wanane, na boti ingeondoka Capri Point kabla jua halijachomoza. Masika ningeangalia mbingu kwanza. Kukiwa na wingu zito pimbi hawatoki mapema, na ni heri mgeni aambiwe hivyo akiwa bado gatini, kabla hajavaa jaketi la kuokolea.